Utepe Mweusi wa Mwenyekiti
Sehemu ya Saba

Haya nimeyapata kwa Gong Sunnyeo mwenyewe, yule mwenye saluni inayotazamana na kituo cha mabasi hapa Ganggyeong, siku tulipokuwa tunatia kabichi chumvi mwaka huu kwa ajili ya kimchi, ile kabichi ya pilipili tunayoichachusha kwa majira ya baridi. Mikono yake ilikuwa ndani ya karai mpaka viwiko, mdomo ulikuwa huru, na mdomo wa Sunnyeo ukiwa huru haufichi kitu. Kwa hiyo nikikosea, nimekosea pamoja naye.

Wiki iliyopita tulimwacha Pyo Malgeum, mwenye duka la mabango ya kitambaa, kwenye kiti cha saluni hiyohiyo. Kichwa kimejaa rola na dawa ya kukunja nywele, juu yake mfuko wa nailoni. Simu ikalia. Alikuwa binti yake, Dajeong.

"Mama, umemuua baba mkwe."

Kisha akakata.

Baba mkwe mwenyewe alikuwa bado hajawa baba mkwe, na hapo ndipo penye kisa. Mzee Cheon Deokbo, muuza uduvi wa chumvi na mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko, alikuwa anatimiza miaka themanini siku hiyo. Alikuwa ameahidi kwamba kwenye chakula cha mchana, mbele ya ndugu na soko zima, atatoa neno lake: mwanawe Gibeom amwoe Dajeong, au asimwoe. Muda wote wa uchumba wao alikuwa hasemi ndiyo, hasemi hapana. Akiulizwa anatazama mawingu na kusema mwaka huu mvua imechelewa. Malgeum akaona amlainishe. Akajitolea kumtengenezea bango la sherehe, na picha juu yake.

Sasa anaambiwa amemuua.

Malgeum alitoka saluni kama alivyo, na rola zake, na kitambaa cha saluni shingoni kikipepea mgongoni. Sunnyeo akamfuata na chupa ya maji, anamwambia arudi, dawa ile isipooshwa kwa wakati inaunguza nywele hadi kwenye mzizi. Malgeum akamjibu kwamba akibaki na kipara atavaa kofia, lakini binti akikosa mume hakuna kofia ya kumvika.

Walipofika kwenye lango la soko, wakainua macho.

Bango lilikuwa zuri, lazima tuseme kweli. Limenyooka, herufi nyekundu nene: HERI YA MIAKA THEMANINI, MWENYEKITI CHEON DEOKBO. Katikati, Mzee mwenyewe anatabasamu, ngozi laini, mwanga wa alasiri umemwangukia shavuni kama asali. Na kwenye pembe mbili za juu za picha, utepe mweusi. Ule ambao kwetu hafungiwi mtu anayepumua. Chini yake, maua meupe ya msiba, yamejaa kama kabichi shambani.

"Ametoka vizuri," Sunnyeo alisema, kwa sababu alikuwa hajui la kusema.

Malgeum alijua palepale kilichotokea, akatamani asingejua.

Mzee alikuwa amemwambia jambo moja tu: picha yake ifanane na ile ya marehemu mkewe, Okbun, iliyotundikwa dukani kwake juu ya mapipa ya uduvi. Rangi zilezile, mwanga uleule, ili siku moja zikitundikwa pamoja zionekane zimetoka mkono mmoja. Malgeum akaenda, akaipiga ile picha kwa simu yake, akarudi dukani kwenye kompyuta yenye ile mashine ya kuchora. Mashine ile unaipa uso wa mtu, unaipa maneno, halafu unaipa picha ya mfano iige mtindo wake. Chini kuna kistari unachokivuta, kutoka sifuri hadi mia, cha kuiambia iige kwa nguvu kiasi gani.

Malgeum alikuwa mtu wa kuzidisha. Hata uduvi kwenye kimchi anatia mpaka wageni wanakunywa maji usiku kucha. Aliona mtu wa heshima hapimiwi nusunusu, akavuta kistari hadi mia, akaiwekea mashine kwamba kila kazi ianzie hapo. Ikamletea Mwenyekiti mwenye nywele za Okbun, zimekunjwa vizuri, na hereni. Akacheka mpaka akakaa chini. Akashusha hadi sitini, Mzee akarudi kuwa Mzee. Picha iliishia masikioni, kwa hiyo hakuna utepe, hakuna kitu. Akamwonyesha binti yake, wakafurahi.

Ila picha ilikuwa nyembamba, na bango ni refu. Ikabidi mashine iipanue pande zote. Kupanua ni kazi mpya, na kazi mpya inaanzia wapi? Mia. Malgeum hakutazama. Alikuwa anachelewa kukunjwa nywele. Akaituma ikachapwe, na fundi Bae akalipandisha bango kwa gari lake lenye ngazi. Fundi Bae aliuona utepe. Lakini huku kwetu mtu haulizi swali lililonyooka. Alijiambia labda familia imeamua kuunganisha shughuli mbili, akalifunga vizuri, akaenda zake mji mwingine na ngazi yake.

Soko nalo halikuuliza.

Mama wa samaki alipofika langoni alitazama juu, akarudi nyumbani kubadilisha nguo. Kijana aliyeleta mashada ya maua alibandua riboni za waridi akabandika nyeupe. Kwenye ukumbi wa soko, akina mama waliokuwa wanapika supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa waliiweka pembeni, wakabandika sufuria nyingine ya nyama na pilipili nyekundu, ile ya matanga. Kila mmoja alimwuliza mwenzake mambo ya pembeni. Eti jana Mzee alikuwa na hamu ya kula? Eti usiku upepo ulivuma upande gani? Hakuna aliyetamka neno lenyewe, na kabla jua halijapanda vizuri kila mtu alikuwa na hakika.

Malgeum akasimama katikati yao na rola zake. Mama wa samaki akamshika mkono, akamwambia pole, wewe umeguswa zaidi, mpaka nywele hukumaliza. Malgeum akafungua mdomo aseme hajafa. Wakati huohuo Mzee Ma Chilbok, aliyekuwa anacheza sataranji na Mwenyekiti tangu wote wawili wana meno, akapita mbele na kusimama chini ya bango. Akavua kofia.

"Deokbo," aliiambia picha, machozi yanamtiririka. "Yule farasi. Siku ile ya mvua. Nilimtia mfukoni ulipokwenda haja."

"Najua," sauti ikasema nyuma yake.

Watu wakageuka. Mwenyekiti Cheon Deokbo alikuwa amesimama pale na baiskeli yake, amevaa joho la hariri la sherehe, ameegemea usukani, anamtazama Mzee Ma bila hasira.

"Nilikuacha tu. Hata ungetia mfukoni farasi wangu wote wawili, ungefungwa."

Mama wa samaki akakaa chini, chini kabisa, juu ya kreti la barafu. Mzee Ma hakugeuka. Aliendelea kuitazama picha muda mrefu, kama mtu anayefikiria ni yupi kati ya hao wawili aombe msamaha.

Mwenyekiti akainua macho, akalisoma bango lote, taratibu, kutoka mwanzo. Kisha akamtazama Malgeum kuanzia rola hadi ndala.

"Mama Dajeong, una haraka na mimi?"

Malgeum alitaka kueleza habari ya kistari, na mia, na sitini. Akaishia kusema ni mashine. Mzee akasema alisikia mashine za siku hizi zina akili, ila hakujua kama zinatabiri pia. Watu wakacheka, wakanyamaza haraka. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa anaitumia kumwambia mteja bei ya mwisho. Mchana atakaa kwenye kiti chake ukumbini. Akikuta nyuma yake picha anayoweza kukaa nayo, atasema neno lake juu ya watoto. Akikuta hiyo, atakunywa supu yake, atawashukuru wote, na hatasema neno. Si leo wala siku nyingine.

Akapanda baiskeli yake akaenda.

Dajeong alikuwa dukani akimngoja mama yake, mikono kifuani, Gibeom kando yake amejikunyata kama ndiye aliyekosea. Dajeong hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema amechoka kuwa binti wa mtu anayemaliza kazi kabla hajaianza, na kwamba akina Cheon wana haki ya kuogopa haraka ya nyumba hii. Malgeum akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. Sunnyeo akaanza kumfungua rola moja moja na kummwagia maji juu ya ndoo, kazi ikiendelea.

Wakavuta kistari hadi sifuri. Mashine ikaleta mzee safi, anayeng'aa kama yai la kuchemsha, koti la bluu, nyuma yake kweupe.

"Huyu anauza bima," alisema Sunnyeo.

Wakapandisha hadi themanini. Utepe ukarudi, mnene, umejifunga na fundo. Hamsini: utepe umekuwa kivuli tu pembeni, lakini ukishakiona huoni kingine. Ishirini: kivuli kimeondoka, na mwanga wa Okbun nao umeondoka, yai likaanza kurudi. Wakiishusha nguvu utepe unatoka na uzuri unatoka. Wakiipandisha uzuri unakuja, nao utepe nyuma yake, kama wageni waliokuja na gari moja. Waliiandikia mashine kwa maneno isiweke utepe. Ikaweka tepe tatu.

Hapo Malgeum akaelewa alichokuwa hakuelewa wiki nzima. Mashine haijui kipi ni rangi na kipi ni msiba. Ukiiambia iige kwa nguvu, inaiga vyote ilivyovikuta kwenye mfano. Kosa halikuwa kwenye kistari peke yake. Mfano wenyewe ulikuwa umefungwa utepe.

Dajeong akasema basi ni rahisi, waukate utepe kwenye picha ya simu, pembe mbili tu, kidole kimoja. Akanyoosha kidole.

"Usiukate," Gibeom alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi ile. Akaeleza kwamba picha ile ilitoka mazishini moja kwa moja ikaja dukani, na tangu siku ile baba yake hajaruhusu mkono wowote uiguse. Dada wa Gibeom aliwahi kuja na kitambaa kufuta vumbi. Mzee hakumkataza. Alimwambia tu kwamba treni ya kurudi itakuwa na watu wengi, bora awahi.

Maji yakawa yanadondoka kutoka kichwani kwa Malgeum kwenye ndoo, na Sunnyeo anaapa kwamba hata matone yalikuwa yanaona aibu.

Wangeweza kuukata. Nani angejua? Ni picha ya simu. Malgeum aliweka kidole juu ya utepe ule mdogo kwenye kioo, akakiacha hapo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemfunga mtu utepe bila kutazama. Sasa amfungue mke wa mtu bila kuuliza?

Akasimama, taulo kichwani. Akasema anakwenda kumwuliza.

"Kumwuliza nini?" Dajeong aliuliza.

"Hicho hicho. Kwa nini utepe uko pale."

Sunnyeo akamwambia, dada, huku watu hawaulizi hivyo. Malgeum akajibu kwamba kama asubuhi mtu mmoja tu angeuliza, Mzee Ma angekuwa bado na siri yake.

Walimkuta Mwenyekiti dukani peke yake, anakoroga pipa la uduvi kwa mwiko mrefu, mikono ya joho la hariri imefungwa nyuma kwa kamba ya mifuko. Juu yake Okbun anatabasamu ndani ya fremu, utepe kwenye pembe. Hakuwasalimu. Aliendelea kukoroga.

"Mwenyekiti," Malgeum alisema, "kwa nini utepe wa mama bado uko hapa?"

Sunnyeo akafumba macho. Gibeom akatazama viatu vyake.

Mwiko ukasimama. Mzee akautazama uduvi kama ndio uliouliza. Malgeum akaanza kuhesabu harusi ya binti yake kuwa imekufa na sasa hivi wanaisafisha.

"Watu wanaingia hapa," Mzee akasema mwishowe. "Wanautazama. Wanaagiza uduvi. Wanaondoka."

"Ulitaka waseme?"

"Nilitaka mmoja aseme imetosha. Mimi mwenyewe ningeanzaje? Ningeonekana nimemchoka mapema." Akafuta mkono kwenye aproni. "Mwezi wa kwanza sikuweza. Baadaye ikawa nimechelewa, na mtu aliyechelewa anaona haya kufika."

Malgeum hakuwa na maneno mazuri. Hakuwahi kuwa nayo.

"Imetosha, Mzee," alisema. "Imetosha zamani."

Mwenyekiti akavuta kigoda. Gibeom akakimbilia kumsaidia, akaambiwa ashike kigoda na aache kushika mtu. Akapanda, joho na yote, miaka yake themanini na yote, akabandua pini mbili. Utepe ukaanguka begani kwake. Pembe zile mbili za picha zilizokuwa zimefunikwa zilikuwa bado na rangi yake ya kwanza, kijani cha mianzi ya nyuma ya nyumba yao. Kwingine kote jua la dukani lilikuwa limekunywa rangi. Mzee akaweka kidole kwenye kile kijani.

"Kumbe alikuwa amesimama kwenye mianzi," alisema. "Nilikuwa nabishana na dada yake kwamba ni ukutani."

Akashuka, akaukunja utepe mdogo mdogo, akautia ndani ya mkono wa joho. Akamwambia Malgeum aipige tena ile picha ya Okbun sasa, na ajaribu kumaliza kabla uduvi haujachacha.

Mara hii, waliporudi kwenye kompyuta, Malgeum hakuvuta kistari kwa mkono wa kutilia uduvi. Alianzia chini, akapanda kidogo kidogo, kila hatua akisimama kutazama pembe zote nne. Kumi, bado yai. Ishirini, yai lina mawazo. Thelathini, akaondoa mkono. Mzee alikuwa amekaa pale kwenye kioo, makunyanzi yake yote yapo, pua yake kubwa ya akina Cheon ipo, na mwanga wa alasiri umemgusa bega upande mmoja kama umetoka kwa mtu aliyeketi jirani. Dajeong aliinama akatazama kwa muda, kisha akachukua taulo na kuanza kumkausha mama yake nywele. Alikuwa anakausha polepole tu.

Safari hii waliipanua kwa thelathini. Malgeum alihakikisha mara mbili, na Sunnyeo naye akahakikisha, akitamka kila pembe kwa sauti.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa, wengine wamevaa nguo za sherehe na wengine za msiba, kila mmoja akijifanya ndivyo alivyopanga. Sufuria zilikuwa mbili, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuuliza ipi ni ya leo, kila mgeni alipewa bakuli mbili. Mzee Ma alikunywa zote, akaongeza ile ya pilipili.

Mwenyekiti akaingia, akaenda kwenye kiti chake, akageuka kutazama nyuma. Picha mbili ukutani, yake na ya Okbun, hakuna utepe popote. Alisimama hivyo mpaka supu ya kila mtu ikaanza kupoa.

"Ni sisi," alisema. Akakaa.

Malgeum alishika goti la binti yake chini ya meza. Watu walikula. Watu walikunywa pombe ya soju, na kila mmoja alikuja kumjazia Mwenyekiti kikombe: wa sherehe kwa kumpongeza, wa msiba kwa kumwomba radhi. Hakumkataa hata mmoja. Shavu likawa jekundu, joho likalegea. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imewashiwa moto chini, joto linapanda mgongoni taratibu. Mwishowe akagonga kikombe kwa kijiko, ukumbi ukanyamaza.

"Kuhusu watoto," alisema Mwenyekiti.

Gibeom akaacha kutafuna.

"Kuhusu watoto hawa, mimi sina neno. Waoane." Dajeong akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. Mzee akainua kidole. "Ila..."

Kidole kikabaki juu. Kichwa kikashuka kidogo, kikashuka tena, kidevu kikafika kifuani. Kidole nacho kikateremka taratibu mpaka kikatua kwenye bakuli la mwani.

Alikuwa amelala.

Walisubiri. Hakuna aliyethubutu kumwamsha mtu wa miaka themanini siku yake ya kuzaliwa, hasa mtu ambaye asubuhi walikuwa wamemlilia. Gibeom akamtoa kidole kwenye mwani, akamlaza vizuri, akamwekea mto. Wakaanza kunong'ona. Ila nini? Mama wa samaki alidhani ni habari ya watoto kukaa nyumba moja na mzee. Mzee Ma alidhani ni habari ya farasi. Dajeong alidhani ni mama yake, hakusema. Sunnyeo alisema ikiwa ni jambo kubwa ataliota, na akiliota atalisema, wakae karibu wasikilize.

Wakakaa karibu. Lakini supu mbili ni supu mbili, na sakafu ilikuwa ya moto. Mzee Ma akatangulia, mdomo wazi. Mama wa samaki akafuata. Gibeom na Dajeong wakaegemeana ukutani, wakasema wanafumba macho tu. Sunnyeo anasema yeye hakulala, ila hakumbuki chochote kuanzia hapo, isipokuwa alichoambiwa na Malgeum baadaye.

Malgeum alibaki peke yake na macho wazi, jua la mchana limejaa madirishani, ukumbi mzima unakoroma. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye mto wa Mwenyekiti. Akainama sikioni.

"Mzee," alinong'ona. "Ila nini?"

Midomo ya Mzee ikacheza. Malgeum akasogeza sikio zaidi, akashika pumzi. Mzee akameza mate, akajigeuzia upande wa ukuta, kwenye picha zile mbili, akaendelea kukoroma.

Malgeum akajilaza palepale kando ya mto wake, sikio limeelekea juu, ili neno likitoka lisimpite. Aliapa hatafumba macho. Aliapa tena. Joto la sakafu likampanda kiunoni, likafika mabegani, na kabla hajamaliza kiapo cha tatu, naye akalala.